Maina Huanzia Kwenye La

Mtu aliyekulia kwenye kwaya ya kanisa anaijua skeli ya maina (minor), yaani ngazi ya nota zinazopandana, kabla hajasikia jina lake. Ameimba nyimbo za Kwaresima, ameimba misibani, na sikio lake limeshazoea wimbo unaotua kwenye la badala ya kutua kwenye do. Kinachomkwamisha ni siku anapofungua kitabu cha nadharia au video ya mafunzo na kukuta maina ziko aina tatu, kila aina na jina lake, zimepangwa kwenye jedwali lenye ki (key, yaani nota ambayo wimbo unaifanya nyumbani) kumi na mbili. Hapo wengi huacha. Mimi nimeimba besi tangu ujana, kinanda nimejifunza ukubwani, na siku hizi nawashika mkono wanaoanza kwenye kwaya yetu hapa Morogoro. Kwa niliyoyaona, jedwali lile linaweza kusubiri. Solfa, yaani do re mi, tuliyonayo tayari inatosha kumfikisha mtu kwenye maina, tena kwa njia fupi.

Solfa ilitufikia kupitia misheni. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich kule Uingereza, ndiye aliyeanza kuandika nyimbo kwa herufi za do re mi ili watoto waimbe bila kusumbuka na mistari mitano ya kuandikia nota. Mchungaji John Curwen akaichukua kazi yake na kuiendeleza kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakaieneza. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni Afrika Kusini, alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao sauti yake leo ni wimbo wa taifa wa Tanzania, aliuandika kwa solfa. Kwa hiyo nikimsikia kijana akisema solfa ni elimu ya wazee, huwa namwachia aendelee kuongea.

Jambo la kwanza la kushika ni kwamba do haikai mahali pamoja. Juu ya karatasi ya wimbo kumeandikwa "Do ni G" au "Do ni F", na wimbo unaofuata do inahamia kwingine. Herufi A, B, C, D, E, F, G zenyewe hazihami. A iliyo juu kidogo ya katikati ya piano hutetema mara 440 kwa sekunde, uwe Morogoro au Vienna, almradi chombo kimetuniwa kwa kipimo cha kawaida. Herufi zinakuambia sauti ipi. Solfa inakuambia sauti hiyo ina kazi gani ndani ya wimbo. Anayechanganya mambo haya mawili atapata tabu na kila kitu kinachofuata, ndiyo maana na wanafunzi wapya nakaa hapa muda mrefu kuliko wanavyopenda.

Halafu kuna toni na nusu toni. Nusu toni ni hatua ndogo kuliko zote kwenye kinanda: kutoka kitufe kimoja hadi kile kinachokigusa, kiwe cheupe au cheusi. Kwenye gitaa ni freti moja, yaani nafasi moja kati ya vyuma vya shingo. Nusu toni mbili ni toni nzima. Ukihesabu nusu toni kutoka C hadi C inayofuata juu utapata 12, na umbali huo wote unaitwa oktavu. Angalia vizuri: kati ya E na F hakuna kitufe cheusi, na kati ya B na C pia hakuna. Sehemu nyingine zote kipo. Kitufe cheusi kilicho juu ya F unaweza kukiita F shapu (F iliyopandishwa nusu toni), na hichohicho ni G flati (G iliyoshushwa nusu toni). Inategemea unatoka wapi na ki gani inatumika.

Skeli ya meja, yaani do re mi fa so la ti do, ni mpangilio huu: toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu. Anzia C, piga vitufe vyeupe tu, utaupata. Anzia G ukitumia vyeupe tu, mwishoni sikio litagoma: F iko chini mno, inahitaji kuwa F shapu ili mpangilio utimie. Hiyo ndiyo sababu ya alama zile za shapu na flati zinazosimama mwanzo wa mstari. Hazikuwekwa kumtisha mtu.

Istilahi nyingine za mwanzo mtu anazizoea akiwa kazini. Pigo ni lile unalolihesabu kwa mguu, bari ni fungu la mapigo kati ya mstari wima na mwingine, tempo ni mwendo. Kodi ni nota tatu au zaidi zinazopigwa kwa pamoja. Herufi p inataka upole na f inataka nguvu, ingawa kwaya nyingi ninazozijua huisoma f peke yake.

Sasa maina yenyewe.

Mwalimu wetu wa kwaya, mstaafu wa shule ya msingi ambaye hakuwahi kumiliki kinanda, alikuwa na namna ya kuionyesha ambayo sijaona iliyo bora zaidi. Aliwapa besi do, akawapa sauti ya tatu so, akawapa kina mama wa sauti ya pili mi. Tukashika. Kodi ya meja, wazi kabisa. Kisha akasema, "Kina mama, shukeni kidogo. Nusu tu. Wengine msisogee." Wakashuka. Ukumbi mzima ukabadilika rangi, na mama mmoja wa mstari wa mbele akaguna, "Mh!" Mwalimu akatuacha tuisikilize mpaka pumzi zikaisha.

"Aliyehama ni nani?" akauliza.

"Sisi, mwalimu," kina mama wakajibu.

"Basi."

Tukio zima liko kwenye nota ya tatu. Kutoka do hadi mi kuna nusu toni nne. Mi ikishushwa (solfa huiita ma) zinabaki tatu. Nota mbili za nje hazijaguswa. Ukitaka kujua kama wimbo uko kwenye meja au maina, usiangalie jedwali, tafuta nota unayoimalizia, kisha sikiliza ya tatu kutoka hapo. Kwenye kinanda ni C, E, G dhidi ya C, E flati, G. Mpe mwanafunzi nafasi ya kuzipiga hizo mbili kwa zamu, taratibu, mara nyingi, kabla hujamwambia neno jingine lolote.

Kisha mwalimu alitupeleka kwenye la. Tuliimba do re mi fa so la ti do kama kawaida, halafu akatuambia tuimbe nota zilezile, bila kuongeza wala kupunguza hata moja, ila tuanzie la na tumalizie la: la ti do re mi fa so la. Nota ni zilezile saba. Kilichobadilika ni nyumbani. Wimbo wa meja hutoka, huzunguka, na kurudi kupumzika kwenye do. Wimbo wa maina hurudi la. Hii ndiyo maina asilia, na ukipima hatua zake utapata toni, nusu, toni, toni, nusu, toni, toni. Kwenye vitufe vyeupe ni A, B, C, D, E, F, G, A.

Kwa hiyo kila meja ina maina inayotumia nota zilezile, na ya kuipata ni rahisi: toka do, shuka nusu toni tatu. C meja inakwenda na A maina. G meja inakwenda na E maina, zote zina F shapu moja. F meja inakwenda na D maina, zote zina B flati moja. Karatasi ya solfa iliyoandikwa vizuri husema moja kwa moja: ki ni G, la ni E. Mpiga kinanda anayeona shapu moja mwanzo wa mstari hawezi kujua kwa alama hiyo pekee kama wimbo ni G meja au E maina. Aangalie besi inamaliza wapi.

Lakini kuna uhusiano wa pili, na hapa ndipo video nyingi zinapowachanganya watu, maana zinaeleza yote mawili kwa pumzi moja. C meja na C maina zina nyumbani pamoja, C, ila nota tatu zinatofautiana: E, A na B zinakuwa flati. Mwanzo wa mstari utaona flati tatu, ambazo ndizo za E flati meja. Mambo ni mawili basi. Unaweza kuhama nyumbani na kubaki na nota zako, au kubaki nyumbani na kubadilisha nota. Kina mama wa sauti ya pili walifanya hili la pili. Sisi sote tulipoimba kutoka la tulifanya lile la kwanza. Wanafunzi wangu huanza na jambo la kwanza mpaka liwe jepesi mdomoni, ndipo tunagusa jambo la pili.

Nikifika hapa lazima mtu aseme, "Aa, kumbe maina ni ya huzuni." Inasemwa kila mahali, na mimi siipendi sentensi hiyo. Chukua nyimbo mbili za taifa za majirani. Wa Tanzania uko kwenye meja. Wa Kenya uko kwenye maina: kamati iliyoutengeneza mwaka 1963 iliujenga juu ya wimbo wa Wapokomo, watu wa Mto Tana, ambao mama humbembelezea mtoto. Nani anausikia ule wimbo uwanjani, bendera ikipanda, akasema Wakenya wana msiba? Una uzito na una heshima. Chukua pia wimbo wa Majilio unaojulikana duniani kwa jina la Kilatini Veni, Veni, Emmanuel. Ni maina asilia, na kiitikio chake kinaamuru watu wafurahi. Kwa upande mwingine, misibani kwetu nyimbo nyingi zinazowaliza watu ni za meja tupu. Huzuni inatoka kwenye maneno, mwendo, na nani amelala mbele yenu. Maina inatia kivuli tu, na kivuli si lazima kiwe cha kilio.

Hapo ndipo tulipo na maina asilia. Aina ya pili ilizaliwa na tatizo dogo ambalo sikio lako linaweza kuligundua lenyewe. Imba do re mi fa so la ti, usimalize. Ile ti inauma, inataka kupanda do, kwa sababu imebakiza nusu toni tu. Sasa imba la ti do re mi fa so, usimalize. Hakuna anayehangaika. Kutoka so hadi la ni toni nzima, na so inaweza kukaa pale hata jioni nzima bila kumdai mtu. Watunzi wa Ulaya walitaka ule mvuto hata kwenye maina, kwa hiyo wakaipandisha so nusu toni. Kwenye solfa ikaitwa se. Kwenye A maina, G inakuwa G shapu. Hiyo ndiyo maina ya harmonia, na jina lake limekaa vizuri maana faida yake inaonekana kwenye kodi: kodi ya E yenye G ya kawaida (E, G, B) ni maina na inarudi A bila haraka, ila ukiweka G shapu (E, G shapu, B) inakuwa meja, na mkutano mzima unajua A inakuja. Ukiwa na gitaa piga A maina, D maina, E, kisha rudi A maina. Halafu rudia ukitumia E maina mahali pa E. Tofauti utaisikia tumboni.

Alama ya G shapu haiandikwi mwanzo wa mstari. Inaandikwa pale pale inapotokea, kila inapotokea. Hii ni dalili nzuri kwa msomaji: ukiona wimbo usio na shapu wala flati mwanzoni lakini G shapu zinachomoza ndani, karibu uhakika uko kwenye A maina.

Kupandisha so kulileta deni jingine. Fa imebaki chini, se imepanda, na kati yao sasa kuna nusu toni tatu. Mwanzoni wapiga vinanda hawaoni shida, ni kuruka kitufe tu. Waimbaji wanaona. Sauti ya tatu ya kwaya yetu ikipewa mi fa se la kwa kupanda, fa inavutwa juu na se inavutwa chini mpaka zinakutana katikati, na mpiga kinanda anabaki peke yake. Suluhisho la zamani lilikuwa kupandisha fa pia wakati wa kupanda, ili hatua ziwe laini: kwenye A maina ni E, F shapu, G shapu, A. Kwa kushuka, ule mvuto hauhitajiki tena, kwa hiyo zote mbili zinarudi kawaida: A, G, F, E. Hiyo ni aina ya tatu, maina ya melodia. Curwen aliipa hata ile fa iliyopandishwa jina lake, ba, lakini sijakutana na kwaya inayolitumia.

Ukiisimulia hivi, aina tatu zinakuwa hadithi moja. Kuna ya asili. Ikapandishwa nota moja kwa ajili ya mvuto. Ikapandishwa ya pili ili ya kwanza iimbike. Wimbo mmoja unaweza kupita kwenye zote tatu ndani ya mistari minne, kwa hiyo swali la "wimbo huu ni maina ipi?" mara nyingi halina jibu moja, na mwalimu anayelitoa kwenye mtihani anawatesa watoto bure.

Ile nafasi ya nusu toni tatu, inayowatesa waimbaji wa kwaya, ukienda pwani unaikuta imekaa kitini. Kazi iliwahi kunipeleka Unguja, na huko nikaanza kukaa karibu na wapiga taarab. Visiwani muziki huu umeanza kufundishwa darasani pia. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianzishwa Mji Mkongwe mwaka 2002. Lakini mimi aliyenionyesha alikuwa mzee mpiga kanuni, chombo cha nyuzi nyingi cha taarab, aliyejifunza kwa kukaa na wazee wenzake. Nilimwamkia, nikamwomba anionyeshe nahawandi, mojawapo ya maqam, yaani ngazi za muziki wa Kiarabu. Akapiga kutoka C, akipanda taratibu: C, D, E flati, F, G, A flati, B, C.

"Maalim, hii sisi tunaiita C maina ya harmonia," nikamwambia.

"Iteni mnavyotaka, mwanangu. Sikiliza inavyoshuka." Akashuka na B flati.

Kwa kupanda ilikuwa na mvuto, kwa kushuka ikaulegeza, wazo lilelile la watunzi wa Ulaya likiwa limekaa kwenye muziki ambao haukusubiri ruhusa yao. Kisha akanipigia hijazi, maqam nyingine, kutoka D: D, E flati, F shapu, G. Hapo nafasi pana iko chini kabisa, karibu na nyumbani, na haifichwi. Adhana nyingi husomwa kwa hijazi, kwa hiyo Mzanzibari anaikuta masikioni tangu mtoto. Ukichukua A maina ya harmonia na kuanzia E, yaani E, F, G shapu, A, umbo ni hilohilo. Nilirudi Morogoro na dawa ya sauti ya tatu: kabla ya kuwapa mi fa se la nawachezea hijazi kwa simu mara mbili tatu. Wanaacha kuivuta fa.

Kwa anayeanza na chombo mkononi, nashauri gitaa hata kama lengo lake ni kinanda, kwa sababu kwenye uzi mmoja hatua zinaonekana kwa macho. Uzi wa tano, ukipigwa wazi, ni A. Maina asilia iko kwenye freti 2, 3, 5, 7, 8, 10, 12. Ya harmonia ni hizohizo, ila 10 inahamia 11, na ule mruko kutoka 8 hadi 11 utaunyoosha kidole mpaka usiusahau. Kisha hamia uzi wa nne, D, uweke vidole freti zilezile: umeshapata D maina bila kukariri chochote. Ki ya E maina iko kwenye uzi wa sita.

Kwenye kinanda nina ugomvi wa muda mrefu na kitufe cha transipozi, kile kinachohamisha sauti zote juu au chini bila vidole kuhama. Kijana anajifunza C meja na A maina tu, na mwimbishaji akitaka wimbo upande anabonyeza mara mbili, maisha yanaendelea. Jumapili inapita salama, sikatai. Lakini siku umeme umekatika na kimebaki kinanda cha upepo, au amealikwa kanisa lenye piano, hana pa kushika. A maina, E maina na D maina kwa vidole halisi, pamoja na kodi tatu za kila moja, zinambebea sehemu kubwa ya nyimbo za Kwaresima. G maina na C maina zifuate. F shapu maina sijawahi kuiombwa na mwimbishaji yeyote, itasubiri.

Mpangilio huu wote wa toni na nusu toni unaishia ukingoni mwa bayati, maqam nyingine ya taarab. Ukianzia D, nota yake ya pili iko kati ya E flati na E, mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kitufe. Fidla na udi havina freti, vinaifikia kwa kidole tu. Kanuni ina vishikizo vidogo vya chuma kando ya nyuzi, mpigaji anavigeuza kwa mkono wa kushoto huku wimbo unaendelea. Vipo vinanda vya umeme vinavyoruhusu nota moja ishushwe robo toni, na baadhi ya wapiga taarab ya kisasa huvitumia. Wengine hupiga E flati na kuendelea. Nilimwuliza yule mzee wa kanuni kama anaisikia tofauti hiyo ukumbini watu wakiwa wanatunza na vipaza sauti vikipiga kelele. Akasema anaisikia akiwa nje, kabla hajalipa kiingilio.